Ndoo, feni ya kompyuta na khanga kuukuu: mashine ya unyevu kwa chumba kikavu

Nimefanya kazi ya viyoyozi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Tanga, kisha Dar es Salaam, na kila fundi wa pwani anajua kwamba AC kule haipozi tu, inakamua maji hewani. Bomba lake la maji likiziba, utaitwa ukute ukuta umelowa, rangi imebambuka na mwenye nyumba amekasirika. Maji yote yale yametoka kwenye hewa ya chumba kimoja cha kulala. Sasa naishi Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nikitengeneza boila na mitambo ya hewa kwenye majengo ya kupangisha, na kuanzia Novemba hadi Machi shughuli yangu nyumbani ni kinyume kabisa cha ile niliyojifunza ujanani: kurudisha maji kwenye hewa.

Naandika hili kwa kirefu kwa sababu kila baridi inapoanza napokea simu zilezile. Ndugu aliyehamia Minneapolis, dada aliyeko Toronto, kijana aliyekwenda Oslo kusoma. Mtoto anatokwa na damu puani usiku. Midomo inapasuka hata ukiipaka mafuta. Koo linawasha asubuhi. Ukigusa kitasa cha mlango, cheche inakurukia kidoleni. Wengine wamekwishanunua mashine dukani kwa pesa nzuri, ikafanya kazi muda mfupi, kisha ikaanza kunuka au kufunika samani kwa vumbi jeupe. Ndugu zangu, kitu hiki unaweza kukiunda mwenyewe kwa jioni moja, kwa vitu ambavyo vingi unavyo ndani ya nyumba, na kikafanya kazi sawasawa. Ila lazima uelewe kwanza kinachotokea hewani, maana usipoelewa utaishia kulowesha madirisha au kumwekea mwanao ndoo ya uchafu kando ya kitanda.

Wengi hudhani hita ndiyo inayokula maji ya chumbani. Si hivyo. Maji hayakuwepo tangu huko nje. Hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi: kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba kabisa ina mvuke wa gramu 1 hivi, basi. Hewa hiyo inapenya ndani kupitia nyufa za milango na madirisha, inapashwa moto hadi nyuzi 21, na kwa joto hilo ingeweza kubeba gramu 18. Lakini bado ina ileile gramu yake moja. Ukipiga hesabu unapata unyevu wa asilimia 5 au 6. Linganisha na kwetu pwani: nyuzi 28, unyevu asilimia 75, mita hiyohiyo ya hewa ina gramu 20 za maji. Mwili uliokulia katika gramu 20 unaletwa kulala katika gramu 1, halafu tunashangaa ngozi inapochanika.

Nyumba haishuki hadi asilimia 5 kwa sababu tunapika, tunaoga na tunapumua ndani yake. Kwetu, wiki za baridi kali kabla sijafanya lolote, kipimo kilikuwa kinacheza kati ya 14 na 18. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, EPA, linashauri unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Tulikuwa nusu ya kiwango cha chini.

Kitu kilichonionyesha nguvu ya ukavu huu kuliko hata ngozi yangu ni mbuzi ya nazi. Mke wangu aliletewa kutoka Tanga, ya mti mzito, imechongwa vizuri, kiti chake kimelainika kwa kukaliwa. Tuliiweka sebuleni karibu na tundu la hewa moto. Katikati ya Januari ufa ulianzia pale ulimi wa chuma ulipochomekwa, ukafuata nyuzi za mti hadi katikati ya kiti, mpana kiasi cha kuingiza ukucha. Mbao iliyozoea hewa ya pwani ina maji ya takriban sehemu 15 kwa kila 100 za uzito wake mkavu. Kwenye unyevu wa asilimia 20 inashuka hadi sehemu 4 au 5. Yale maji yanapotoka, mbao inasinyaa, na ikisinyaa kwa haraka inapasuka. Pua ya mtoto haina hata ugumu wa mbao.

Binti yetu wa mwisho alikuwa akiamka na madoa ya damu kwenye mto. Daktari wa watoto alimwangalia akasema hakuna ugonjwa, ni utando wa pua umekauka ukachanika. Akatuandikia maji ya chumvi ya kunyunyizia puani, akatuambia tuongeze unyevu chumbani kwake. (Damu ikitoka mara kwa mara au ikikataa kukatika, mtoto aonwe na daktari kwanza. Ndoo si dawa.) Mama yangu naye alipiga simu kutoka Tanga akasema, “Mwanangu, mtundikie mjukuu wangu khanga mbichi pale chumbani.” Hakuwa mbali na ukweli hata kidogo. Kitambaa kilicholowa ndiyo mashine yenyewe. Mimi nimeongeza upepo tu.

Kabla ya kukata chochote, jua chumba chako kinataka maji kiasi gani. Chumba cha binti yangu ni mita 3 kwa 3 na nusu, dari mita 2.4, yaani mita za ujazo 25. Kukipandisha kutoka asilimia 15 hadi 40 kunahitaji gramu 4 na nusu kwa kila mita, jumla gramu 115 hivi. Kidogo sana, nusu kikombe. Tatizo ni kwamba chumba hakijazibwa. Tuseme kila saa nusu ya hewa yake inabadilishana na hewa kavu. Basi unapoteza gramu 55 au 60 kila saa, na kwa usiku wa saa 8 jumla yote inakaribia gramu 600. Nusu lita na kidogo. Hiyo ndiyo namba niliyoilenga, na ndiyo inayoamua ukubwa wa kila kitu kinachofuata. Ukiwa na sebule kubwa iliyoungana na jiko, ndoo moja haitakutosha, usijidanganye. Chagua chumba mnacholala, rudishia mlango, shughulika na hicho.

Namba hiyo pia inakuonyesha kwa nini sufuria ya maji juu ya redieta inasaidia kidogo sana. Maji yanapaa kwenye uso wake wa juu peke yake, na uso wa sufuria ni mdogo. Kuchemsha maji kunatoa mvuke wa kutosha, lakini kila lita inataka karibu uniti 0.7 za umeme, na maji ya moto kwenye chumba cha watoto ni hatari nisiyoikubali. Kuanika nguo zilizofuliwa chumbani ni njia nzuri mno, nawaambia kwa dhati. Nguo za familia zikitoka kwenye mashine bado zina lita nzima au zaidi. Siku za kufua sisi hatuwashi ndoo kabisa. Lakini hatufui kila siku.

Zile mashine ndogo za dukani zinazotoa ukungu baridi hutikisa maji kwa kasi kubwa hadi yanakuwa matone madogo mno. Ubaya wake ni kwamba chochote kilichomo majini kinarushwa hewani pamoja nayo. Kitongoji chetu kinatumia maji ya visima, magumu, yamejaa chokaa, na chokaa hiyo ndiyo vumbi jeupe mnaloliona kwenye televisheni. Ukitumia maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa chokaa, huna vumbi, ila itabidi uyanunue kila wiki. Kitambaa hakina tabia hiyo. Maji yakipaa kutoka kwenye kitambaa, mvuke peke yake ndio unaoondoka. Chokaa inabaki imeganda kwenye nyuzi. Na kuna faida nyingine ninayoipenda zaidi: hewa inapozidi kuwa na unyevu, kitambaa chenyewe kinapunguza kutoa. Mashine ya ukungu haijui kupunguza, inaendelea kumwaga hata kuta zikilowa.

Kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya ndoo, ni kipima unyevu. Vile vidogo vya kidijitali vinapatikana kwa bei ya sahani ya chakula, lakini vingi havisemi kweli vikitoka dukani, kwa hiyo vipime. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, weka chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo hadi iwe uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, chumvi isiguse kipimo, funga, acha hadi kesho yake mahali penye joto la kawaida la chumba. Hewa ndani ya mfuko ule itatulia kwenye asilimia 75, ndivyo chumvi inavyofanya. Changu kilisoma 69. Basi najua kila ninaposoma naongeza 6, nimeandika kwa kalamu mgongoni mwake. Bila jaribio hili unaweza kuhangaika msimu mzima ukifukuza namba isiyokuwepo.

Sasa ndoo. Mimi natumia ndoo nyeupe ya lita 8 yenye kifuniko, zile zinazokuja na krimu ya keki. Nenda kwenye duka kubwa linalooka keki, uliza kwa adabu sehemu ya mikate, mara nyingi watakupa bure au kwa dola moja. Plastiki yake ni ya chakula na inaoshwa ikatakata. Feni ni ya kompyuta iliyokufa, upana milimita 120, inayotumia volti 12. Umeme unatoka kwenye adapta ya ruta ya zamani, volti 12 pia. Nani hana adapta za namna hii kwenye droo? Angalia maandishi mgongoni mwake: unataka DC, na ampea nusu inatosha kabisa. Feni yangu inakula wati 2 na kitu. Usiku mzima haifiki hata uniti 0.03.

Kwenye kifuniko nilichora duara kwa kufuatisha mdomo wa feni, nikakata kwa kisu kikali, nikafunga feni kwa skrubu nne ikiangalia juu, yaani inavuta hewa kutoka ndoo na kuisukuma chumbani. Hewa inaingilia ubavuni. Nilitoboa matundu 20, kila moja kipenyo cha sentimita 2 na nusu, kuizunguka ndoo katika safu mbili, kuanzia sentimita 12 kutoka chini. Zingatia jumla ya matundu: yakiwa madogo kuliko mdomo wa feni, feni itahangaika na kelele itakuwa nyingi. Toboa polepole, plastiki ya ndoo hupasuka ikisukumwa kwa nguvu. Kisha sugua kingo kwa msasa, maana mabaki makali yatachana kitambaa.

Ndani, chini ya kifuniko, kunaning'inia pete mbili za waya, moja kubwa ya kipenyo cha sentimita 20, nyingine ndogo katikati. Nilitumia waya mnene wa shaba wa nyumba ukiwa na mpira wake, kwa sababu haushiki kutu. Pete zimefungwa kwenye kifuniko kwa vibano vya plastiki vya kufungia nyaya. Vipande vya kitambaa, upana sentimita 5, vinapitishwa juu ya pete na kuteremka pande zote mbili hadi vizame majini. Kumi kwenye pete kubwa, sita kwenye ndogo, na kati ya kipande na kipande kuna nafasi ya upana wa kidole. Nafasi hiyo usiinyime. Nimeona watu wanazungushia feni taulo nzima nzito. Hewa haipiti, feni inalia, na maji hayaendi popote. Hewa lazima ipite kati ya vitambaa, ikivigusa pande zote. Uzuri wa kufunga pete kwenye kifuniko ni kwamba ukiinua kifuniko kila kitu kinatoka pamoja, na kusafisha kunakuwa kazi ya dakika chache.

Kitambaa ndicho moyo wa mashine, na hapa nilikaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Nilipanga glasi nne mezani, kila moja na maji ya kimo kilekile na kipande kimoja cha kitambaa kikining'inia: shuka ya poliesta, taulo nyembamba ya pamba, khanga mpya kabisa, na khanga ya zamani ya mke wangu iliyokwisha kufifia rangi. Poliesta maji yalipanda kidogo yakasimama. Khanga mpya nayo ilisuasua, ile wanga ya kiwandani inazuia maji. Ukiigusa unaisikia ilivyokakamaa. Taulo ilipandisha vizuri. Lakini khanga kuukuu, iliyofuliwa miaka na miaka hadi ikawa laini, maji yaliikimbilia mbele ya macho yetu, mstari wa giza ukipanda kwenye maua yake mekundu, ukapita nusu, ukafika juu. Binti yangu alikuwa ameweka kidevu mezani akiufuatilia kwa kidole. Nikakunja khanga hiyo mara mbili ili iwe nene, mke wangu akapiga mshono pembeni, na mpaka leo sijaona kitambaa kinachoishinda. Usiende kununua mpya kwa ajili hii. Na usikate ya mtu bila kumuuliza. Mke wangu alinichagulia mwenyewe ile ambayo maneno yake hayasomeki tena.

Maji hayapandi kitambaani bila mwisho, ndiyo maana nimetumia ndoo fupi. Nikijaza hadi kimo cha sentimita 9, ambayo ni lita 3 na nusu hivi, kitambaa kinahitaji kupandisha maji sentimita 12 tu hadi kwenye pete, na chote kinabaki kibichi. Kwenye ndoo ndefu ya lita 20 sehemu ya juu ya kitambaa hukauka, na kitambaa kikavu hakifanyi kazi.

Kuunganisha waya: kwenye feni nyingi mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, wa njano ni wa kusoma mwendo, mfunge tepu na umwache. Ukikuta na wa bluu ni wa kurekebisha mwendo, mwache pia. Kata ncha ya adapta, tafuta chanya yake kwa mita ya kupimia volti, lehemu, funika kila kiungo peke yake. Viungo vyote viwe nje ya ndoo, na adapta ikae juu kwenye soketi ya ukutani, kamwe isilale sakafuni kando ya maji. Nasisitiza volti 12. Usichukue feni ya mezani inayotumia umeme wa ukutani ukaipandisha juu ya ndoo ya maji. Mimi ni fundi, najua watu wanafanya hivyo, na nawasihi msifanye. Kwenye nyaya za umeme wa ukutani hakuna nafasi ya kubahatisha. Ukiona kelele inamsumbua mtoto, tumia adapta ya volti 9. Feni itazunguka taratibu, itatoa maji pungufu kidogo, na kwa chumba kidogo inatosha.

Namna ya kujua kama inafanya kazi ni rahisi, na kifaa chake kila mtu aliyewahi kusafiri kwenda nyumbani anacho: ile mizani ya kuning'inizia mabegi. Ning'iniza ndoo kabla ya kulala, soma. Ning'iniza asubuhi, soma tena. Kilo moja ya maji ni lita moja, kwa hiyo uzito uliopungua ndio maji yaliyoingia hewani. Yangu hupoteza kati ya nusu kilo na gramu 700 usiku wa baridi kali, na kidogo zaidi ya hapo nje kukiwa kukavu mno. Kipimo cha ukutani, nikishaongeza zile 6 zake, kinasoma 36 hadi 40 saa za alfajiri. Damu puani imeacha. Cheche kwenye blanketi zimeacha pia. Mbuzi ya nazi sikuweza kuiokoa ule ufa, lakini nimeihamishia chumba hicho na ufa haujaendelea.

Utasikia chumba kimepoa kidogo, usishtuke. Maji hayapai bure, yanachukua joto kutoka kwenye hewa, kama mtungi wa udongo unaopoza maji yake kwa kutoa jasho. Kwa kiwango cha ndoo yangu ni joto la wati 50 hivi linaloondolewa chumbani. Tanuri la gesi linalopasha nyumba moto linazifidia, na mwili nao katika hewa yenye unyevu haupoi haraka, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa sababu ndugu zetu wengi wakishaona unyevu unasaidia wanataka warudishe Tanga nzima chumbani. Haiwezekani, na usijaribu. Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 40 inaanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye nyuzi 7 au chini yake. Kioo cha dirisha usiku wa Januari kinafika huko kwa urahisi, hasa kikiwa cha tabaka moja, au pazia nzito likizuia joto lisikifikie. Maji yatachuruzika kioo, yatakaa kwenye fremu, na ndani ya wiki kadhaa utaona madoadoa meusi. Hiyo ni kuvu, nayo inaumiza mapafu ya watoto kuliko ukavu wenyewe, na mwenye nyumba atakudai. Kwa hiyo kila asubuhi pitisha kidole chini ya kioo. Ukikuta maji, punguza: toa vipande vichache vya kitambaa, au washa saa chache tu. Nje kukishuka hadi 25 au 30 chini ya sifuri mimi naridhika na 30, hata 25, kwa sababu dirisha limeniambia hapo ndipo mwisho.

Usafi sasa, na hapa siwaachii nafasi ya uvivu. Maji yaliyosimama kwenye joto la chumba huotesha utelezi ndani ya siku chache, na feni inapuliza juu yake. EPA wanashauri mashine ndogo za unyevu zimwagwe na kufutwa kila siku na kusafishwa kila siku ya tatu. Sisi asubuhi tunamwaga maji yaliyobaki kwenye mchaichai ulioko kwenye chungu dirishani, tunafuta ndoo, tunaacha kifuniko wazi na feni ikizunguka hadi vitambaa vikauke. Kila siku ya tatu ndoo inaoshwa kwa siki nyeupe, vitambaa vinaloweshwa siki iliyochanganywa na maji hadi chokaa iachie. Utaiona mwenyewe: ukingo wa khanga pale juu ya pete unakuwa mgumu, una ganda jeupe linalokwaruza ukipitisha kidole gumba, na ukilikunja linavunjika kama chumvi. Baada ya siki, vitambaa vinaingia mashine ya kufulia kwa maji moto. Msitie ile dawa ya kulainisha nguo, inapaka nyuzi mafuta na maji hayapandi tena. Tuna seti mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kazini. Seti ikikataa kulainika hata kwa siki, itupeni.

Jambo moja naliandika kwa uzito wote nilio nao. Usitie dawa yoyote ndani ya maji: si ya kuua vijidudu, si klorini, si mafuta ya kunukia, si ile dawa ya kupaka kifuani. Korea Kusini kulikuwa na dawa zilizouzwa madukani kuanzia 1994 kwa ajili ya kutia kwenye mashine za unyevu ili zisiote uchafu. Watu walizitumia kwa nia njema, kwenye vyumba vya watoto. Mwaka 2011 serikali iligundua kwamba dawa hizo zilikuwa zikiharibu mapafu ya waliozivuta, zikaondolewa sokoni, na waliokufa ni wengi, wakiwemo watoto wachanga na akina mama wajawazito. Kitu ambacho ni salama kufutia sakafu si salama kuvutwa usiku kucha. Maji safi ya bomba peke yake. Uchafu unaondolewa kwa mikono na siki, mchana, mtoto akiwa hayupo chumbani.

Kama una mtoto anayetambaa au anayeanza kusimama, funga kifuniko kwa skrubu mbili ubavuni na ujaze maji kwa faneli kupitia tundu moja. Mtoto mdogo akitumbukiza kichwa kwenye ndoo hana nguvu ya kujiinua, na maji ya kimo cha sentimita chache yanatosha kumuua bila sauti. Ikiwezekana ndoo ikae kwenye kimeza imara asichoweza kukivuta, juu ya sinia la kukinga matone, mbali na ukuta na mbali na kitanda.

Shemeji yangu mmoja aliniita wiki iliyopita akitaka nimuundie yake. Amefika juzi, wamepanga watu saba kwenye nyumba ya vyumba viwili, na watoto wanakohoa. Nilikwenda na kipimo changu badala ya drili. Kilisoma 58. Vioo vyote vilikuwa vinatiririka, na nyuma ya kabati la chumba cha wazee kuvu ilikuwa imekwisha kushika ukuta. Watu saba wanaopika ugali na maharage na kuoga maji moto wanatosha kabisa kulowesha nyumba ile, hawakuhitaji hata tone jingine. Tuliwasha feni ya bafuni na ya jikoni, tukasogeza kabati mbali na ukuta wa nje, tukafungua mapazia, na nimemwambia awapeleke watoto wakapimwe kifua. Kipimo nimemwachia, amekitundika sebuleni, na ananitumia namba kila asubuhi. Leo imesoma 44.